Habari za Surua na Mtambo wa Kapteni

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimepanga magazeti ya wiki iliyopita. Panya wametafuna la Alhamisi. Hakuna hasara, lilikuwa na picha za gwaride tupu.
Dokta Nakato ameniita. Yeye ndiye mkuu wa shirika letu la wakunga, mimi ni mtunza kumbukumbu. Mwaka huu tutalipia huduma moja tu ya habari, na kazi ya kuchagua amenipa mimi. Anataka kujua ugonjwa uko wapi kabla haujabisha hodi kwenye zahanati zetu. Mwaka jana surua ilitukuta tumelala. Mtaa wa Kasubi peke yake tulizika watoto sita. Mmoja nilimbeba mwenyewe.
Nimewapelekea watoa habari watatu swali lile lile: mwaka uliopita ni nini kiliandikwa juu ya surua, Uganda na kwa majirani? Swali moja kwa wote. Ajibu anayeweza.

Jumanne, 12 Machi
Watu wa gazeti la hapa mjini wamejibu kwa mdomo. Matoleo ya zamani yamo stoo, niende nikatafute. Nimekwenda. Stoo haina taa.
Ofisi ya Nairobi inayokata vipande vya magazeti imeleta bahasha. Vipande kumi na tisa! Kila kimoja kimegongwa tarehe na jina la gazeti, na kadi juu yake inasema kinahusu nini na wapi. Nimesoma nikiwa nimesimama, mpaka chai ikapoa.
Halafu nikaogopa. Magazeti ya nje. Watu wamechukuliwa na wanajeshi kwa kosa dogo kuliko hili. Bahasha nimeitia chini ya rejista za uzazi.

Alhamisi, 14 Machi
Kapteni amekuja. Tangu mwaka jana jeshi limemweka juu yetu, na bila sahihi yake hatununui hata sabuni. Amekuja na mtambo wa rafiki yake, yule wa tatu niliyempelekea swali. Mtambo huu hupokea habari kwa waya na kuzichapa wenyewe. Umewekwa barazani. Karatasi ikatiririka kama uji. Wakunga wakapiga makofi. Hata mimi nilipendezwa, nakiri.
Nikamuuliza fundi wa mtambo kuhusu surua ya mwaka jana.
“Mama, mtambo hauulizwi,” akasema. “Unasema wenyewe. Ya jana tunatupa.”
Mtu mmoja akacheka. Kapteni hakucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 15 Machi
Kuna aliyesema. Kapteni anajua kuhusu bahasha. Ameagiza Jumatatu niipeleke ofisini kwake, mimi peke yangu. Dokta Nakato alitaka twende wote, akakataliwa.
Mume wangu ni polisi. Hakunigombeza. Amesema tu, “Usidanganye. Wanajua sauti ya uongo.” Ameninyima hata faraja ya kugombana.
Ninaogopa. Na nina hasira. Kazi ya wale wa Nairobi ni nzuri, na ni mimi niliyeiona.

Jumatatu, 18 Machi
Niiandike kabla sijasahau hata neno moja.
Nilimkuta Kapteni amekaa, mimi sikuambiwa kukaa. Akamwaga vipande mezani.
“Mama Zamu, hii ni magazeti ya adui?”
“Ni habari za ugonjwa, afande. Soma chochote. Ukikuta siasa, nifunge.”
Sijui nilipata wapi mdomo ule.
Akaanza kusoma. Polepole, kidole kikifuata mstari. Cha kwanza. Cha pili. Saa ya ukutani ikigonga. Alipofika cha saba kidole kikasimama. Habari fupi tu: surua imeua watoto katika soko moja karibu na mpaka wa Sudan, Julai iliyopita.
“Hii soko ni ya kwetu,” akasema. “Dada yangu alizika wawili mwezi ile. Waliniambia ni uchawi. Mimi nilipiga mzee mmoja juu ya hiyo maneno.”
Akaniambia nikae. Akauliza, chanjo ya surua ipo? Nikamwambia ipo, shida ni kujua mapema pa kuipeleka. Akachukua kalamu. Afya tu, akasema, siasa hata mstari mmoja hapana, na kila bahasha aione yeye kwanza. Akatia sahihi tuilipe ofisi ya Nairobi. Mtambo ukarudi kwa mwenyewe jioni hii hii.
Nimeshinda! Nimetoka nikitembea kwa adabu mpaka kona. Baada ya kona nimekimbia, mwanamke mzima na gauni langu refu la gomesi, hadi kwa Dokta Nakato. Tumekumbatiana tukilia.

Jumatano, 17 Aprili
Bahasha ya tatu. Surua kwenye kituo cha malori, upande wa Kenya. Malori yale hulala Kasubi.
Dokta Nakato amekwenda hospitali ya Mulago na kipande mkononi, akarudi na masanduku ya chanjo. Kapteni ametoa gari bila kuombwa. Wakunga wamechanja mpaka mikono ikafa ganzi. Mimi nimeshika watoto. Nimepigwa mateke, nimetapikiwa. Siku nzuri kuliko zote.

Jumanne, 14 Mei
Surua ilikuja. Mtoto wa dereva, akafuata wa jirani, kisha wengine wawili. Wote wamepona. Ikaishia hapo. Hatujazika mtoto.
Leo Nalongo, mkunga mzee wa Kasubi, amepanda ngazi hadi kwangu. Hasomi Kiingereza. Anataka kujua kifaduro kiko wapi. Nimevuta kadi, nikamsomea kwa Kiswahili, na alipokwama nikaweka Kiganda. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti.
“Soma na ingine,” akasema.
Nikasoma.