Basi la Alhamisi

Nafula, dada yangu,

Nimewaambia watu kwamba uko hai. Nakuandikia kwa sababu siku zangu zimebaki chache, na sitaki nije kukukuta huko na jambo hili moyoni.

Unalikumbuka basi letu la Alhamisi, la kubeba wazee, lililotoka Endebess likapita Kitale na Bungoma mpaka kwako Bumula. Kaunti zetu mbili zililiendesha kwa fedha za serikali kuu, Nairobi. Ngazi yake ilikuwa fupi, hata nyonga yangu mbovu haikulalamika. Nikishuka nakukuta na mwavuli, unanicheka: "Mwalimu, umekuja na basi ya wazee? Si ulisema wewe si mzee, bana!" Halafu unaninyang'anya mfuko, uone kama nimekumbuka maziwa lala.

Nairobi walipokata fedha, basi likaegeshwa nyuma ya ofisi za kaunti. Nyasi zimeota mpaka kwenye magurudumu. Ndipo ukafariki. Siku ya mazishi nilibadilisha gari Kitale, nikabadilisha tena Bungoma, nikamalizia kwa bodaboda, nimeshikiliwa kama gunia la mahindi. Mumeo aliwazuia vijana wa kaburi, akasema hufunikwi kabla kaka yako hajatupa udongo. Walingoja. Mvua ikaja, wakafunika. Mimi nilifika umeshafunikwa; nikachota udongo mkononi na sikujua niutupe wapi.

Sasa kaunti zimekasirika. Zinapinga fedha kukatwa, na mimi naziunga mkono kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Lakini sikia akili zao: kikao cha kusikiliza abiria wakakiweka Kitale mjini! Watu wa Bumula wangefikaje, na basi lenyewe halipo? Ukumbi ulijaa waheshimiwa waliokuja na magari yao, wakipigiana makofi. Mama mmoja wa mtaa wa Tuwan, hapo hapo Kitale, aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Mzee, ati abiria hapa ni mimi na wewe tu."

Nikapewa kipaza sauti. Nilikusudia kusimulia mazishi. Mdomo ukakataa. Nikasema, "Dada yangu Nafula yuko Bumula, ananingoja kila Alhamisi." Wakasimama kunishangilia. Nafula, sikudanganya kwa ajili ya basi. Niliona aibu kusema sikukuzika.

Jana afisa wa kaunti akanipigia simu, kwa heshima zote. "Mzee, tunataka kumpiga picha dada yako, iende Nairobi pamoja na pingamizi letu. Mwambie avae kitenge kizuri." Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mimi, niliyechapa watoto darasani kwa uongo mdogo kuliko huo!

Kikao kingine kitakuwa Bungoma. Nitakwenda, hata kwa kubebwa. Nitawaambia umekufa. Nitawaambia basi lilikuwa limeegeshwa, na mimi nikakuta umeshafunikwa. Hilo ndilo waliandike kwenye pingamizi lao, walipeleke Nairobi. Kisha nitaomba mheshimiwa mmoja anifikishe Bumula kwa gari lake.

Ule udongo nilirudi nao kwenye mfuko wa koti. Koti sijalifua. Nitakuletea, naahidi.

Pumzika, dada. Usisimame tena barabarani na mwavuli. Safari hii nitakuja mpaka hapo ulipo.

Kaka yako,
Mwalimu