Picha Mbili za Taya Langu

Kibaha, Jumanne

Dada Yustina, shikamoo.

Hapa kwa mwanangu manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Nimekaa barazani na uji usio na sukari, najiona kama bado nimo ndotoni.

Jana nilipigwa eksirei ya meno. Daktari, binti mpole, aliiweka kwenye kompyuta kando ya ile ya miaka minane iliyopita, nilipong'olewa gego. Taya langu lilionekana kama mawingu. Katika picha ya zamani yalikuwa mazito, yamekumbatia meno. Katika mpya yameshuka na kufifia, mizizi iko wazi.

"Mama, una sukari?" akaniuliza.

"Mwaka wa kumi sasa. Dawa nanywa nikijisikia vibaya."

"Sukari ikikaa juu muda mrefu, fizi huugua, na mfupa unaoshika meno unaweza kupungua taratibu, bila hata maumivu."

Nikamkumbuka mama yetu, naye alikuwa na sukari, alivyoishiwa meno kabla hajazeeka, nasi tukasingizia miwa. Machozi yakanitoka palepale kitini.

Daktari akanishika bega. Alisema mfupa ulioondoka ni vigumu kurudi, lakini uliobaki nikiutunza utanitosha. Kisha akanisafisha fizi. Leo dawa nimekunywa bila kukumbushwa.

Dada, nawe una sukari, na uliniambia fizi zako zinatoka damu. Toka huko Marui, uje Ijumaa. Daktari nimeshamweleza habari zako. Kitanda changu kinatutosha wawili, tutapiga soga mpaka usingizi utuchukue.

Nakupenda sana,
mdogo wako Felista