Mafaili Yaliyokuwa Yachomwe

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Temeke tu wazima, ila babu yako magoti yanamsumbua.

Umeuliza kama ufute kumbukumbu za zamani za wagonjwa wa hospitali yenu, kwa kuwa kuzihifadhi mtandaoni kumekuwa ghali. Nilipokuwa karani wa masijala hospitalini, makabati yalijaa, bosi akaamuru mafaili ya zamani yachomwe. Nilikuwa nimeshawasha njiti nesi alipokuja mbio.

"Dada, kuna mama anasubiri kupasuliwa! Mumewe anasema mkewe aliwahi kudhurika na dawa ya usingizi hapahapa, ila hajui dawa gani. Faili lake liko wapi?"

Nilizima njiti, akanitajia jina la mama, nikapekua rundo. Lilikuwa karibu chini kabisa. Madaktari wakaiona dawa ile, wakatumia nyingine, na mama yule akapona.

Kesho yake nilimwomba bosi stoo ya uani iliyokaa bure. Mafaili yasiyoulizwa mara kwa mara tukayahamishia huko, tukachoma yale tu tuliyokwisha kuyasoma na kuona hayahitajiki tena. Ulizia kama mtandaoni nako kuna stoo ya bei nafuu.

Wiki moja kabla ya nesi yule kuja, mie nilishachoma rundo jingine. Hadi leo sijui ndani yake mlikuwa na faili la nani.

Bibi yako akupendaye,
Mariamu