Karatasi Inayorudisha Mwanga

Temeke, 9 Agosti 1973

Dada Yustina,

Shikamoo. Sie huku wazima, na Margareta wetu kaota jino la kwanza.

Pale karakana tumeletewa karatasi za ajabu za kubandika ubavuni mwa magari ya wagonjwa. Juani zilionekana zimepauka kama nguo kuukuu, tukazicheka. Fundi mkuu akaniambia nichague rangi. Nikajifungia nazo stoo, mchana kweupe kukawa giza, nikazimulika kwa tochi. Dada, nilirudi nyuma hatua tatu! Nyekundu iliwaka kama kaa la moto, lakini nyeupe ilinirudishia mwanga wote usoni, utadhani nayo imeshika tochi yake. Fundi mwenyewe alipendelea nyekundu. Nikamwambia, "Nyeupe, mzee. Hata gari likizimika njiani, lori litaliona."

Akaniuliza mbona nang'ang'ania hivyo. Sababu nakwambia wewe.

Lile gari alimofia mumeo Albano, ambalo dereva wa lori aliapa hakuliona gizani hadi alipoligonga, nililipaka rangi mie. Kijivu. Niliichagua mwenyewe, kwa kuwa haionyeshi vumbi. Miaka miwili nimeshindwa kukwambia.

Kipande cha nyeupe nimekitia humu. Kimulike uone, halafu uniandikie, hata kama ni kunilaani.

Mdogo wako,
Kasiani