Kiti Nimepewa, Nafasi Nimenyimwa

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Stendi ya Zamani.
Jumapili, 16 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Na mgongo je, umepata nafuu tangu uache kubeba ndoo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila nyumba bado naiona kubwa. Mpaka leo nikichemsha chai napima maji ya watu wawili, kisha nakunywa vikombe vyote viwili kwa sababu kumwaga siwezi.

Barua yako niliipata, na pole zako pia. Ulipoandika kwamba kaka yako alikuwa akicheka kabla hajamaliza hadithi, nililia na kucheka kwa pamoja. Hakuna aliyewahi kusikia mwisho wa hadithi yake hata moja.

Lakini pale uliponiambia nipumzike sasa, niwaachie vijana, hapo wifi umenigusa pabaya. Sikukukasirikia wewe. Ni kwamba neno hilo nimelisikia kwa watu wengi mno mwaka huu, na kila anayelitamka hutabasamu.

Unaijua ile karakana ya friji aliyoniachia kaka yako. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kumulika tochi na kumshikia bisibisi, zaidi ya hapo sijui kitu. Wateja bado wanakuja kugonga mlango, nami naona aibu kuwarudisha. Nikaamua nijifunze. Bila cheti, muuza gesi ya friji hakuuzii hata mtungi mdogo, na cheti chenyewe kinatolewa na kile kituo cha mafunzo chenye geti la bluu, kinachoendeshwa kwa fedha za serikali. Nikavaa gauni langu la kijani, nikaenda kuomba nafasi.

Karani kuniona tu akasimama. "Shikamoo mama. Umemleta mjukuu?"

"Marahaba mwanangu. Nimejileta mwenyewe."

Akacheka. Alipoona sicheki, naye akaacha. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni: miaka kumi na minane mpaka thelathini na mitano. Mimi, kama ujuavyo, nina hamsini na nane. Basi akanivutia kiti, akaniletea maji ya kunywa, akanigeuzia feni, akaniambia nimsubiri mkuu wa kituo. Siku ile nilipewa kila kitu isipokuwa nilichokifuata.

Kosa lao ni kile kiti. Walikiweka mbele ya ukuta wenye tangazo la serikali, kisha wakanisahau hapo asubuhi nzima, sina la kufanya ila kusoma. Nilisoma mpaka nikakariri. Huduma hii inagharimiwa na fedha za umma. Ni marufuku kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya umri wake. Aliyenyimwa ana haki ya kulalamika. Chini yake kimeandikwa chumba cha kwenda kulalamikia. Vumbi limelikalia tangazo lile, lakini herufi zinasomeka.

Mkuu wa kituo akaja, mwanamke wa makamo mwenye sauti tamu. Nikamwonyesha ukuta.

"Hilo ni la jumla tu, mama yangu," akasema. "Hebu fikiria mwenyewe. Tukikufundisha leo, utafanya kazi miaka mingapi?"

Wifi, mtoto wa jirani yetu alimaliza mafunzo hapo hapo, na juma lililofuata akaenda kuuza simu. Hakuna aliyemwuliza atafanya kazi miaka mingapi. Na kaka yako, aliyekuwa mdogo kwangu na hakujua hata kuumwa kichwa, nani angemwambia miaka yake imebaki mingapi? Umri wanaupima usoni kama vile Mungu amewaachia daftari lake.

Nikaenda kwenye hicho chumba cha malalamiko. Ofisa wake alinisikiliza vizuri. Akanieleza kwamba ikiwa sheria iliyoanzisha mafunzo haikutaja umri, kituo hakina ruhusa ya kujitungia, na tena hawaruhusiwi kunifanyia visa kwa sababu nimelalamika. Ila kwanza lazima tukutanishwe na msuluhishi. Ilichukua wiki nyingi. Katika shauri la umri, wifi, anayechelewesha ndiye anayefaidika. Wao wana muda wa serikali, mimi natumia wangu.

Tulikutana kwenye chumba kidogo chenye meza inayoyumba. Msuluhishi alikuwa mwanamke mwenye mafua, leso haimtoki mkononi. Mkuu wa kituo akaanza kwa ile sauti yake.

"Huyu ni mama yetu, tunamheshimu sana. Ndiyo maana hatutaki ahangaike na mitungi. Tuna kikundi cha wazee kila Alhamisi, wanafuma vitambaa, wanapimwa presha."

"Presha ninayo," nikamwambia, "na aliyeipandisha ni wewe."

Msuluhishi akajificha kwenye leso yake. Nikaendelea, kwa upole kama kawaida yangu: "Heshima yenu, mwanangu, kazi yake ni kunikalisha. Mimi nimekuja kufundishwa."

Msuluhishi akamwuliza ni kifungu gani cha sheria kinachotaja hiyo thelathini na mitano. Mkuu akafungua faili, akapekua, akalifunga. Akasema ni utaratibu wao tu, waliukuta.

Basi nikajua yamekwisha. Makubaliano yakaandikwa, tukasomewa. Yalisema hivi: kwa kuzingatia kuwa mlalamikaji amefiwa na mume wake, kituo kinampokea kwa huruma, na utaratibu wa umri unabaki kama ulivyo.

Wifi, nilijiona kama niliyemtoa kaka yako kaburini nikamwonyeshe mlinzi wa geti ili anipishe. Nikawaambia walifute hilo neno la huruma na wabandue ile karatasi mlangoni.

"Mama, darasa linaanza Jumatatu," mkuu akasema. "Saini tu uingie. Si ndicho ulichokuwa unataka?"

Ndicho nilichokuwa nakitaka, sikufichi. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Nikaiweka mezani.

"Na mwenzangu atakayekuja kesho, ambaye mumewe yu hai, mtamwonea huruma ya nini? Mtamwambia asubiri mume afe?"

Msuluhishi akaandika kwamba hatukuafikiana, jambo liende kwa wachunguzi.

Darasa limeanza. Mimi simo. Binti yangu amenuna. "Mama nawe, ungesaini tu," ananiambia. "Hata huruma ingekufundisha friji." Hasemi ujinga. Nikipita pale getini nikasikia wanavyogonga mabomba ya shaba, roho inaniuma, na najiuliza kama si ukaidi tu. Kaka yako angejua la kunijibu, ingawa angecheka kabla ya kulimaliza.

Lakini juzi nilimkuta dobi mmoja nje ya geti, amesimama na bahasha yake ya vyeti. Amerudishwa. Ana miaka arobaini na mitatu, wifi. Arobaini na mitatu, mikono kama ya mpiga makasia, naye ameambiwa awaachie vijana. Nikamwambia, "Twende." Nikampeleka mpaka kwenye chumba cha malalamiko, nikakaa naye hadi alipomaliza kuandikisha. Kwa hiyo sasa malalamiko ni mawili. Mke wake mzima, wazazi wake wazima, hajafiwa hata na kuku. Tuone safari hii watashika huruma gani.

Mpelekee mama mkwe shikamoo yangu. Msomee barua hii taratibu, ila pale palipo na kaburi uparuke. Msalimie shemeji, na Kibonge, na yule mdogo wenu wa maswali mengi. Binti yangu anawasalimu nyote, hata akiwa amenuna. Mungu awape afya, na riziki isiyo na masimango.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa dhati,

Mama Karakana