Kamati ya Kuonja Vitabu

Magongo, Changamwe
Jumapili mchana

Dada yangu Dama,

Shikamoo. Pokea salamu hizi ukiwa umesimama, kisha tafuta kigoda ukae, maana barua yenyewe si fupi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa mchungaji ailete imefika, au wamechuana wao njiani? Mvua huko Ganze imekuwa ya kupanda, au ni ile ya kulowesha vumbi tu? Sidi wako ni mzima, anakula, anarefuka. Sketi yake ya shule nimeifumua pindo mwenyewe na kuishona upya kwa mkono wangu, na majirani wameuliza fundi ni nani. Mimi pia mwili ni mzima. Mengine yote yamenibana.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, wewe simu ukiipokea unaiweka sauti kubwa, na nyumba nzima inasikiliza hadi kuku. Haya ya leo ni yako wewe. Na tena leo nina nafasi ya kuandika kwa sababu nimejifungia chumbani tangu asubuhi, hata kanisani sikwenda. Kule Miritini ninakoziba tairi za malori, wanajua niko Mariakani nainua kichwa cha treni kilichoanguka. Tutafika huko.

Unakumbuka nilikwambia shule ya Sidi imenipa uenyekiti. Hilo ni kweli, haki ya Mungu. Ulicheka ukasema ni kama ile hadithi ya kofia. Na ile ya kofia pia ni kweli: tairi ilipasuka, kofia ikapaa, ikaja kuonekana Voi. Lakini tuiache.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka shule hununua vitabu vya hisabati na sayansi vya kuongezea juu ya vile vya serikali, pamoja na vifaa vyake. Vilikuwa vikichaguliwa ofisini. Muuzaji anaingia, mlango unafungwa, soda zinafunguliwa, na mlango ukifunguliwa vitabu vimeshapatikana. Safari hii amekuja mwalimu mkuu mpya, akaita wazazi, akasema, "Nataka tushirikiane, tuchagueje?" Watu kimya, wanatazama viatu vyao. Unanijua, Dada, mimi kimya cha watu siwezi kukivumilia. Nikasimama.

Nikawaambia, "Mimi tairi siinunui kwa kutazama weusi wake. Naifunga kwenye lori, lori linapakiwa, linakwenda, linarudi, ndipo nasema hii ni tairi. Kitabu mbona tunanunua kikiwa ndani ya nailoni? Kifunguliwe darasani, watoto wafundishwe nacho, sisi wazazi tukae nyuma tuone."

Walipiga makofi, Dada, mpaka walinzi wa getini wakaja kuuliza kuna nini. Mama Riziki, yule anayekaanga viazi karai karibu na geti, ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote, akasema, "Basi hiyo ni kamati ya kuonja. Na mwenyekiti si huyu mwenye mdomo?" Hivyo ndivyo nilivyopata cheo.

Tukaonja. Zilikuja seti mbili. Ya kwanza ilikuwa na sanduku jekundu, vitabu vinang'aa, ndani mna nyaya, sumaku na balbu ndogo za rangi. Ililetwa na kijana mmoja wa viatu vya ncha, na yeye mwenyewe akasimama mbele kuonyesha. Akabonyeza, balbu zikawaka zote. Watoto wakaruka. Wazazi wakaruka. Mimi pia niliruka, sitaki kukuficha. Ya pili ilikuwa sanduku la kadibodi tu, lina kamba, mizani ya plastiki, chupa tupu, na vitabu visivyo na rangi. Watoto wakagawanywa makundi, wakapima, wakabishana, wawili wakagombania kamba, mmoja akalia. Wazazi wakaanza kupiga miayo. Tulipoulizana kwa kunyoosha mikono, sanduku jekundu likashinda, halikubakisha mtu.

Afisa wa elimu alikuja, akasema njia hii ni nzuri, ataipeleka na shule nyingine. Akaniita "Bwana Katana" mbele ya walimu. Jioni ile ndipo nilipokupigia, nawe ukaenda ukaitangaza kanisani, na sasa naambiwa mwalimu mkuu wa huko anataka kuchagua vitabu kwa njia ya mjomba wake Sidi. Dada, mwambie angoje. Nakuomba sana. Angoje kidogo.

Maana Jumatano baada ya chakula tochi yangu ya kazi ilizima. Nikamwambia Sidi, "Wewe si umefundishwa taa kwa sanduku jekundu, hebu nitengenezee." Akaifungua, akatoa betri, akatoa balbu, akaziweka mkekani. Akazitazama.

"Vipi, mwanangu?"

"Mjomba, mimi sijui."

"Hujui vipi, nawe uliruka kuliko wote?"

"Niliruka kwa sababu iliwaka. Aliyewasha ni yule mtu. Sisi tulipiga makofi."

Nikamwambia huenda amesahau. Akasema hajasahau, hakuna cha kusahau. Kisha akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Lile la kadibodi lilinichosha. Lakini hilo pipa la maji nje naweza kukwambia linaingia madumu mangapi kabla hujajaza." Nikacheka. Akachukua kamba ya kuanikia nguo, akaizungusha pipa, akaipima kwenda juu, akaandika kwa mkaa ukutani, ukuta wa mwenye nyumba, ndiyo, nimeshaupaka chokaa. Akasema, "Kumi, na la kumi na moja litamwagika karibu lote." Tukajaza. Dada, la kumi na moja lilinilowesha miguu.

Tangu hapo sijakaa vizuri. Alhamisi nilimfuata Mwalimu Nekesa, yule wa sayansi, mwanamke wa bara, mpole, hasemi mara mbili. Nikamweleza. Akaendelea kusahihisha madaftari, akasema, "Nililijua hilo siku ileile."

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Nikisema, nitaambiwa mwalimu hataki kazi, au napinga wazazi. Njia ni yako, Mwenyekiti. Wakinunua sasa, darasa la Sidi litakaa na hivyo vitu mpaka wamalize hapa. Pesa ya kununua mara ya pili haipo."

Basi hapo ndipo nilipo. Hilo ndilo jambo la kwanza nililowahi kusema katika maisha yangu ambalo watu walilifuata. Yako mengine wameyacheka, mengine wameyakubali kwa adabu, hili wamelifuata. Nami niende kusimama niseme lilikuwa bovu. Na nisiposema, mtoto wako, uliyenikabidhi kwa sababu huko shule ya juu iko mbali, atakaa miaka akipigia makofi balbu za watu.

Ijumaa kikao cha kuthibitisha. Nikasimama nikiwa nimepanga kusema, "Ndugu zangu, tumekosea." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikiwa chini ya lori. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ndugu zangu, mlichokiona ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili niliificha makusudi, nione kama kuna atakayeuliza."

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini. Mama Riziki akasema, "Haya, tumeuliza. Ni ipi hiyo?"

Sikuwa nayo, Dada. Nikamwona Sidi dirishani na wenzake, nikakumbuka kamba. Nikasema, "Mtoto amfundishe mtu mzima asiyejua. Muuzaji awe nje ya geti. Mtu mzima akielewa, kitabu kimefaa. Asipoelewa, kirudi kwenye nailoni yake."

Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza. Nikajiona nimetoka. Nikaanza hata kutabasamu.

"Na huyo asiyejua ni nani?" akauliza Mama Riziki.

Kila mtu akamtazama mwenzake. Baba mmoja akasema yeye ana zamu bandarini. Mwingine akasema macho yake hayaoni karibu. Hakuna aliyetaka kukaa mbele ya watu aitwe asiyejua. Mama Riziki akasema, "Mimi naona akae mwenye njia yake."

Mwalimu mkuu akanitetea. "Hapana, Bwana Katana hafai, anajua mno. Amesoma huyu."

Dada, wewe unajua nilikoishia, darasa la sita, siku ile Baba aliponichukua kwenda kuchunga. Hapa Magongo sijawahi kudanganya kuhusu hilo. Hawajaniuliza tu, kwa sababu mimi huwa nazungumza kwanza. Ningenyamaza pale, ningepona. Lakini yule mama akasema, tena kwa sauti ya chini kabisa, "Basi atueleze stima inapitaje kwenye balbu, tujue kama kweli anajua mno."

Nikafungua mdomo. Unajua jinsi maneno yanavyonijia, hayabishi hodi. Siku hiyo hayakuja. Nilisikia mafuta ya karai lake yakichemka huko getini, alikuwa amemwachia binti yake. Nikasema, "Nitakaa."

Mwalimu Nekesa akasema, "Tutakuuliza mwisho kama umeelewa. Neno lako ndilo tutakaloandika." Ni kesho saa nne. Sidi atanifundisha masanduku yote mawili.

Jana yule wa viatu vya ncha akanifuata Miritini. Akachuchumaa karibu nami, viatu akiviepusha na grisi. "Mzee, usiwe na wasiwasi. Kesho nitakuja nikupitishe taratibu, wewe na mimi tu, uimeze sura ya kwanza yote. Jumatatu utajibu kama profesa. Au hata usijibu, useme nimeelewa. Nani atakupasua kichwa aangalie?"

Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Alinihurumia, na hilo lilinichoma zaidi. Na Dada, nilitaka. Nilitaka sana aje. Nilijiona Jumatatu nimekaa mbele, miguu nimeipishanisha, nataja kila waya kwa jina. Ndipo nikamwambia kesho sipo, nimeitwa Mariakani kuinua kichwa cha treni. Akaniuliza kwa jeki gani. Nikamwambia kwa jeki mbili na sala. Kwa hiyo leo siwezi kwenda kazini, siwezi kusimama mlangoni, na chumba hiki kina joto la tanuri.

Lakini yeye si wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni mimi. Tangu nilipokuwa mdogo mtu akinieleza kitu nisichokielewa, kichwa changu kinatikisika chenyewe, eee, eee, naam, kama mtu aliyekijua tangu zamani. Wewe umenicheka kwa hilo mara ngapi. Kesho sanduku jekundu litawaka, na kichwa kitataka kutikisika, na neno langu litaandikwa.

Sidi aliporudi kanisani nimemwita. Nimemwambia, "Kesho ukiniona natikisa kichwa, usiendelee. Niulize swali."

"Kama hujui jibu, Mjomba?"

"Ndiyo maana uniulize."

"Mbele ya Mama Riziki?"

"Mbele yake."

Akanitazama kama anavyotazama hesabu. Akasema, "Ukikasirika je?" Nikamwambia aulize tena nikiwa nimekasirika. Amekubali, lakini amesema nisimkonyeze, maana akinionea huruma atasahau swali. Dada, huyu mtoto amefanana na wewe.

Nisalimie Mama, mwambie aniombee kesho saa nne, na asiombe nionekane mwerevu. Nisalimie shemeji, na shangazi anayefuga mbuzi, na mke wa mchungaji kama dawa imefika. Wa kanisani usiwasomee hii. Wakikuuliza habari za Katana, waambie yuko shule.

Ni mimi mdogo wako,

Katana
Mwenyekiti, hadi kesho saa nne