Bikoni za Mchana

Bunda, 7 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mama, anameza dawa zake za presha au bado anagawana na jirani? Sisi huku hatujambo. Ephraim, mshika kioo chetu cha kupimia, anakusalimu.

Naandika kwa sababu kwenye simu umenikatia mara mbili kabla sijamaliza kusema. Barua huwezi kuikatia. Inakuja kwenye bahasha ya Ijumaa pamoja na karatasi za vipimo. Kaa chini uisome.

Mashine ya kupimia imechoka, baba. Sibahatishi. Jumanne saa mbili asubuhi niliifunga kwenye stendi, nikapiga vipimo vya zile bikoni tatu za zamani za mipaka ya viwanja karibu na kiwanda cha pamba. Zote zikakubaliana na ramani. Sikuigusa tena. Saa nane mchana, jua likiwa limeichoma, nikapiga zilezile. Ikaniambia moja imehama nusu mita. Ephraim akaenda, akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa.

"Dada Yunis, hii imejengewa zege. Imehama imeenda wapi?"

Jumatano nikarudia, Alhamisi nikarudia. Asubuhi inasema kweli, mchana inadanganya, na uongo wa leo si uongo wa jana, kwa hiyo hata kuutoa kwa hesabu haiwezekani. Fundi wa Mwanza alishakuambia mbele yangu kwamba spea zake hazitengenezwi tena. Ukapanda gari, tukarudi.

Naomba tusiende nayo Butiama. Tuazime, tukodi, tununue, wewe ndiye unajua kinachowezekana. Ila hii ipumzike sasa, si baada ya kazi ya Butiama. Kule tunaenda kuwawekea watu mipaka ya kudumu.

Msalimie mama.

Binti yako,
Yunis


Mwisenge, Musoma, 11 Juni 2024

Yunis,

Marahaba. Goti ni lilelile. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Barua yako nimeisoma nikiwa ofisini Mukendo, na nimeimaliza nikiwa na hasira. Mimi nilikuwaga napima kwa mnyororo na darubini ya kuzungusha kwa mkono, jua la kichwa, bila mwavuli, wewe hujazaliwa. Bikoni zangu za wakati huo zipo mpaka leo na hakuna aliyeniita kunilalamikia. Mashine hiyo nimeinunua mwenyewe na imepima nusu ya viwanja vya Mwisenge. Leo miaka minne ya chuo imekufundisha kwamba kitu kikizeeka kinatupwa?

Tatizo ni mikono. Mnaifunga vibaya, stendi inazama kwenye udongo, halafu mnasingizia chombo. Iwekee mwavuli. Ipumzishe nusu saa. Ukimaliza hapo, nenda Butiama kama tulivyokubaliana na kijiji. Watu wanasubiri hati zao, hawasubiri majaribio yako.

Usiniandikie tena habari za mashine.

Baba yako


Butiama, 3 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mama hajambo. Mimi mwili ni mzima.

Nimengoja siku mbili ndipo niandike.

Mwavuli niliuweka, haukusaidia kitu. Ndiyo maana nilikuwa napima asubuhi tu, kuanzia jua linapochomoza mpaka saa nne na nusu, halafu naifungia kwenye sanduku. Kazi ilikuwa inakwenda pole pole lakini ilikuwa kazi. Mwenyekiti wa kijiji nilimweleza, akaelewa. Wewe umekuja Jumatatu saa sita, umenikuta nimekaa, na mbele ya wanakijiji, mbele ya Ephraim, mbele ya akina mama waliotuletea uji, ukasema: "Huyu ni mvivu. Nimemsomesha bure." Ukafungua sanduku mwenyewe.

Sikukujibu pale kwa sababu wewe ni baba yangu. Nakujibu hapa. Mimi si mvivu. Mimi nilikuwa nawalinda wale watu dhidi ya mashine yako.

Umepiga bikoni kumi na nne mchana ule. Nilisimama pembeni nikihesabu. Ile ya kati ya mama Matrida na mzee Bernado umeiweka ndani ya safu ya katani za mama Matrida, na katani zile zimepandwa na marehemu mume wake. Mama wa watu akakuambia, "Mzee, mbona mpaka haujawahi kuwa hapa?" Ukamjibu kwamba mashine haina undugu na mtu.

Baba, rudi asubuhi moja tu tuzipige upya zote kumi na nne. Kabla hazijajengewa zege. Nakuomba kwa heshima yote iliyobaki.

Yunis


Musoma, 6 Julai 2024

Yunis,

Marahaba. Nimefika salama.

Kazi ya Butiama nimeimaliza na sirudi kurudia kazi iliyokwisha. Mwenye leseni ni mimi, mwenye mhuri ni mimi. Rudi Bunda leo hii, na sanduku umpe Ephraim aniletee. Mtoto wa kunisahihisha mbele za watu sijazaa.

Baba


Bunda, 10 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Najua mnaendelea vizuri kwa sababu mama alinipigia Jumapili baada ya misa. Aliongea habari za dagaa na za paa la jiko. Hakujua chochote. Hujamwambia.

Basi nakuandikia ulichokuwa unakijua wiki nzima ukanyamaza. Mzee Bernado aliiamini bikoni yako. Kwa nini asiiamini? Ina namba, ina zege, amewekewa na mtu mwenye leseni. Aling'oa katani, akaanza kuchimba msingi wa ukuta wake kwenye mstari ulioupiga. Mstari huo unapita juu ya kaburi la Clementi, mume wa mama Matrida. Sementi ya kaburi ikapasuka. Mtoto wao mkubwa, Fredi, mtu mwenye mke na watoto wawili, alipotoka shambani akakuta baba yake amefukuliwa miguuni. Alimpiga Bernado kwa mpini wa jembe, akamvunja mkono sehemu mbili. Sasa Bernado yuko wodini na Fredi yuko mahabusu. Watu hao wawili walikuwa wanachunga ng'ombe pamoja.

Hayo niliyasikia Jumatano. Jana nikasikia la pili, kwa Ephraim, ambaye alishindwa kuniangalia usoni. Kwamba baraza la kata lilikuita utoe maelezo, na ulisimama ukasema: "Vipimo vya mchana alifanya binti yangu. Bado anajifunza."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Daftari la uwandani ninalo mimi, baba. Ulilisahau kwenye gari siku ile. Tarehe ipo, saa ipo, saa saba na dakika ishirini, na mwandiko ni wako, hata hiyo saba yako yenye mkia. Miaka sita nimebeba stendi yako kwenye mbuga za Bunda, nimelala kwenye madarasa ya shule, nimeugua malaria nikiwa kazini kwako. Na siku umebanwa, umenitoa mimi.

Hiyo mashine ilitakiwa kustaafu. Na si yenyewe tu.

Nenda ukaseme kweli. Nakupa mpaka mwisho wa wiki ijayo. Usipokwenda, nakwenda mimi.

Yunis


Musoma, 14 Septemba 2024

Yunis,

Sikuulizi hali yako na wewe usiniulize yangu.

Unanipa muda mimi? Unaniwekea siku kama hakimu? Mimi niliyekubeba mgongoni kuvuka mto ukiwa na homa?

Sikiliza. Nikisimama kusema bikoni moja ni mbaya, kesho kila mwenye ugomvi na jirani yake, kuanzia Kiriba mpaka Bunda, atasimama aseme yake nayo ni mbaya. Leseni itakwenda. Jina litakwenda. Mama yako atapita sokoni watu wakimnong'ona. Wewe ni kijana, ukionekana umekosea unasamehewa, watu wanasema atajifunza. Mimi kwa umri huu nani ataniambia nitajifunza? Nilifikiri utalielewa hilo bila kuambiwa. Nilifikiri nina mtoto.

Usiandike barua yoyote kwenda ofisi ya ardhi. Ukiandika, usije tena nyumbani kwangu.

Baba yako


Bunda, 27 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika. Nakala ndiyo hii iliyoambatana, uisome ujue nilichosema na nisichosema.

Kwanza nilikwenda Butiama. Niliazima mashine mpya kwa Happyness, tuliyesoma naye chuo, ambaye anapima barabara huku. Niliwaita wote: mama Matrida, mke wa Bernado, mwenyekiti wa kijiji. Nikapima asubuhi wakiona, nikapima tena saa nane wakiona. Majibu ni yaleyale. Mpaka wa kweli unapita palepale zilipokuwa katani, na bikoni yako iko mita moja na robo ndani kwa mama Matrida. Mke wa Bernado alikaa chini kwenye udongo. Akasema, "Kwa hiyo mume wangu amevunjwa mkono kwa ajili ya kosa la nani?" Watu wote wakaniangalia mimi, kwa sababu wewe hukuwepo. Nilisema ni kosa la ofisi yetu. Nilisema "yetu". Jina lako sikulitaja pale, na sijui kama nilifanya vizuri.

Wilayani nimeomba ramani ya Butiama isiidhinishwe mpaka bikoni zote kumi na nne zipimwe upya. Nimeweka na kopi ya daftari.

Kazini kwako nimeacha. Nyumbani kwako siji, kama ulivyosema. Mama nitamwona parokiani.

Yunis


Mwisenge, Musoma, 18 Novemba 2024

Yunis,

Habari za siku nyingi. Sisi tupo. Mama yako anakula vizuri, lakini na mimi haongei tangu mwezi wa kumi, ananiwekea chakula mezani anaondoka.

Nilikaa na nakala yako wiki sita. Wiki ya kwanza nilitaka kuichoma. Nina hasira na wewe mpaka ninapoandika hapa, usifikiri zimekwisha. Umekwenda serikalini na daftari langu kabla hujaja kukaa na mimi uso kwa uso. Hilo sitalisahau.

Lakini nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana Kiriba nilipima shamba moja mchana, vipimo vikakataa. Nikarudia vikakataa. Nikasema moyoni, Baltazari, macho yako yamekwisha. Sikufikiria mashine hata kidogo. Nilifikiria macho. Niliogopa nikimwambia mtu ataniambia kaa nyumbani. Kwa hiyo ulipoandika kwamba mashine inadanganya, ningepaswa kufurahi, na badala yake nikaona umenigundua. Kila ulipotaka kuipima mashine nilisikia kama unataka kunipima mimi. Ndiyo maana Butiama nililazimisha. Nilitaka watu waone kwamba bado naona.

Wiki iliyopita niliichukua mpaka kwenye bikoni zangu za hapa Mwisenge, nikakaa nayo peke yangu tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nilisoma kila kitu mara tatu. Ilikuwa kama ulivyosema. Macho yangu ni mazima, Yunis. Ningekuwa nimekusikiliza mwezi wa sita, ningelijua hilo bila mtu kuumia.

Alhamisi nilikwenda Butiama. Baraza lilikuwa limekaa. Nilisimama nikasema bikoni zile za mchana nilizipiga mimi kwa mkono wangu, kwamba binti yangu alinikataza nikamtukana, na kwamba maelezo niliyotoa mwanzo yalikuwa uongo. Bernado alikuwepo, mkono bado umefungwa. Alisema ataongea na polisi kuhusu Fredi, ila hakusema ataongea nini, na kesi bado ipo. Halafu mama Matrida akanyoosha mkono kuomba kuongea. Nilifikiri atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Akasema, "Mzee, haya maneno ungeyasema mwezi wa saba."

Akachukua khanga yake akatoka. Nilibaki nimesimama mpaka mwenyekiti akaniambia nikae.

Wilaya wameniita tarehe mbili mwezi ujao. Leseni sijui itakuwaje. Mashine nimeifungia, haitatoka tena. Niambie nifanye nini sasa.

Baba yako


Bunda, 22 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata leo na nimeisoma mara mbili. Nashukuru kwamba macho ni mazima. Nasema hivyo kwa kweli.

Hasira zangu nazo hazijaisha. Ulinitupa mbele ya baraza, na kulirekebisha mbele ya baraza lilelile hakufuti miezi miwili ya watu wa Butiama kuninyooshea kidole. Tusidanganyane kwamba tumepatana.

Umeuliza ufanye nini. Nimepitia madaftari yote tangu ile siku ya Kiriba. Nimetoa kila kiwanja kilichopimwa baada ya saa tano. Ukiacha vile vya Butiama, kuna viwanja thelathini na kimoja: Kiriba tisa, Bunda kumi na sita, vilivyobaki huko kwako Mwisenge. Wenyewe hawajui. Wengine wameanza kujenga.

Happyness amekubali tuwe na mashine yake kila Jumamosi. Jumamosi ya tarehe thelathini tunaanza Kiriba. Ephraim atashika kioo, mimi nitapima. Wewe kila nyumba utabisha hodi, utakaa utakapoonyeshwa, na utawaeleza wenye nyumba kwa mdomo wako kwa nini tumerudi. Wakikufukuza, utasimama nje ya uzio mpaka nimalize.

Nakupitia Mwisenge saa kumi na mbili asubuhi. Siingii ndani. Nikukute barabarani.

Yunis